Kutoka 170 hadi 135: stori ya mguu wangu wa kulia

Mama yangu ni fundi wa cherehani, miaka karibu thelathini yuko Uhuru Market pale Jogoo Road anashona sare za shule, na siku ya kwanza nilipotandaza parachuti yangu sebuleni kwetu Umoja hakuniuliza yale maswali ambayo kila mtu huuliza, ati siogopi, ati ikikataa kufunguka je. Alivua viatu, akapiga magoti, akashika pindo kwa vidole viwili na kulisugua karibu na sikio.

"Hiki kitambaa hakipitishi hewa," akasema.

Nikamwambia ndio Mama, kazi yake ni hiyo.

Akasugua tena. "Na kinateleza kama kambare. Nani alikikata hiki? Huyo mtu anajua kazi."

Akauliza ni mzungu gani alikaa chini akafikiria kushonea watu mifuko ya hewa waende nayo juu. Nikamwambia alikuwa anaitwa Domina Jalbert, mtu wa kutengeneza vishada, mwaka 1964 ndio alikuja na bawa la kitambaa lenye seli zilizo wazi kwa mbele, upepo ukiingia linajaa na kukaza kama bawa la ndege. Mama akaguna tu, akarudi kwa mishono.

Hiyo ilikuwa parachuti yangu ya kwanza, Sabre2 ya 170. Hii stori ni ya ile ya pili.

Kwanza niseme mimi ni nani ndio tuelewane. Nafanya kazi ya bima, Upper Hill, idara ya madai. Mchana kutwa nasoma fomu za watu walioanguka, waliogongwa, walioteleza bafuni. Mtu wa kazi kama hii anatakiwa kuwa muoga na kusema kweli mimi ni muoga, sipandi boda bila helmeti na mvua ikinyesha nashuka kwa matatu mapema nitembee. Lakini miaka kadhaa iliyopita nilienda Diani na wenzangu wa ofisi, nikarushwa nimefungwa kwa mwalimu kifuani, na tangu siku hiyo mshahara wangu unajua njia ya Pwani kuliko mimi. Treni ya usiku ya SGR, kisha matatu, unafika Ukunda jua halijachoma, unalala kidogo kwa kiti cha plastiki unangoja upepo. Nilimaliza kozi, nikafikisha miruko 25 na kupata leseni ya kwanza, na baada ya hapo ukawa ugonjwa.

Sasa kwa wale hawajui, ile 170 ni ukubwa wa kitambaa, futi za mraba. Mwanafunzi anaanza na kubwa, 220, 240, 260 kulingana na kilo zake, kitu kinashuka polepole kama mzee anayeshuka ngazi ameshika ukuta. Ukizoea unapunguza. Na hapa ndio kuna ugonjwa wa pili kwa sababu kwa huu mchezo namba ikishuka cheo kinapanda, kama enzi zile za simu za kwanza kwanza, mwenye kasimu kadogo zaidi ndiye tajiri. Mkikaa chini ya mvinje mnangoja ndege hakuna anayekuuliza unatua vipi. Wanauliza unaruka na ngapi. Ukisema 170 wanatingisha kichwa kwa upole, ile upole ya kumwambia mtoto "mwaka ujao utaingia darasa la nne". Halafu kuna mtu anapita na kitu kidogo kinatosha kwa begi la laptopu, anatoka angani kwa kasi, anakuja sambamba na mchanga kama mbayuwayu, miguu iko sentimita chache juu ya ardhi, anateleza teleza mpaka anasimama mbele ya baa na watalii wanapiga makofi. Tunaita swupu. Kuna mashindano yake kabisa, na wale mabingwa wameshafika zaidi ya mita 200 wakiteleza hivyo. Mimi nilitaka hiyo kitu jamani, nilikuwa naiota nikiwa kwa mkutano wa Jumatatu.

Hesabu ya mzigo ambao kila futi ya kitambaa inabeba ni rahisi, na urahisi wake ndio uliniponza. Unachukua uzito wako wote wakati unatoka kwa ndege, mwili, nguo, helmeti, begi na parachuti zote mbili, kwa paundi. Unagawanya kwa futi za mraba, na jibu likiwa kubwa parachuti inakuwa na kasi zaidi. Mimi nikiwa nimevaa kila kitu nafika kilo 77, yaani paundi 170, kwa hivyo chini ya 170 nilikuwa 1.0 kamili, raha mustarehe. Kwa 150 ningekuwa 1.13. Kwa 135 ni 1.26. Na kulikuwa na jamaa hapo hapo wa kilo 95 anaruka na 1.3 miruko 200 tu na hakuna mtu anamsema. Nikajiambia 1.26 si ni chini ya 1.3? Mimi ni mtu wa bima bwana, namba ni rafiki zangu.

Kocha akaniambia nunua 150. Ni mzee mmoja ana miruko maelfu, ngozi imekauka kwa jua, haongei sana. Alisema, "Dada, 150 miruko mia moja, halafu tuongee." Nikamwambia sawa kocha. Wiki hiyo hiyo mtu akanitumia picha kwa WhatsApp, 135, seli 9, ya duaradufu, rangi ya chungwa na nyeusi, imetumika lakini safi, bei ya bodaboda moja mpya. 150 za mitumba hazikuwepo sokoni na hata zingekuwepo hazingekuwa za chungwa. Nilikuwa na miruko 143. Nikalipa.

Hapo niwaeleze kitu kimoja kuhusu umbo. Sabre yangu pembe zake zilikuwa karibu na mstatili, duara kidogo tu kwa ncha. Ile ya duaradufu ncha zimechongwa sana kwa hivyo ukivuta kishikio cha breki upande mmoja haikufikirii, inaenda. Na ukishaipindua inapiga mbizi kabla haijanyooka yenyewe, na hiyo mbizi ni ndefu kuliko ya parachuti ya mwanafunzi. Ndio hiyo kasi wale wa swupu wanaitafuta, wanaingia kwa mbizi juu kabisa wakijua itaisha futi ngapi, kisha wanaigeuza kuwa mteremko sambamba na ardhi. Kitu kile kile kinachowapa makofi ndicho kinachovunja watu. Mtu akisikia ajali ya parachuti anafikiria haikufunguka, ilhali siku hizi sehemu kubwa ya wanaoumia na hata kufa wanakuwa chini ya parachuti iliyofunguka vizuri kabisa, nzima, haina kasoro, wamegeuka karibu na ardhi.

Hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Ningeweza kukufundisha darasa.

Mruko wa kwanza na 135 ulikuwa mtamu mpaka nikacheka peke yangu huko juu. Ilikuwa asubuhi, upepo wa kiasi unatoka baharini, maji yamekupwa na ufuo wa Diani umekuwa mpana kama uwanja wa ndege. Nilikuja moja kwa moja, nikaflea, yaani nikavuta vishikio vyote viwili chini taratibu, ikainua kichwa ikateleza, nikatembea hatua tatu nikasimama. Nikasema kumbe! Kumbe watu walikuwa wananitisha bure. Mruko wa pili hivyo hivyo. Wa kumi hivyo hivyo. Kulikuwa na kitu kidogo, nikiflea ilikuwa inapenda kwenda kushoto kidogo, nikadhani ni mkono wangu wa kushoto una nguvu, nikawa nalipiza kwa kulia bila hata kuwaza. Miruko 22 nilitua kwa miguu. Nikamtumia kocha picha na kidole gumba. Hakujibu na mimi sikuona shida.

Wa 23 ulikuwa Agosti.

Agosti Pwani ni kusi. Wale wa huko wanajua, kuanzia kama Aprili kusi inavuma kutoka kusini mashariki na katikati ya mwaka ina meno, kinyume na kaskazi ambayo ikiingia mwisho wa mwaka bahari inatulia na watalii wanajaa. Siku hiyo haikuwa mbaya ya kufunga, ilikuwa ya kukufanya uangalie juu mara mbili. Maji yalikuwa yanajaa, ufuo umebaki ukanda. Nilifungua futi 4,000, nikageuka geuka, nikaanza mzunguko wa kutua kama kawaida, futi 1,000 upepo nyuma, 600 nikakata ubavuni, 300 nikageukia upepo. Na pale futi 300 ndio nikaona ngamia.

Kama hujawahi kuwa Diani, kuna ngamia wa kubeba watalii ufuoni, wamevalishwa shanga, wanatembea na mwenyewe mbele ameshika kamba. Alikuwa mmoja na watoto wawili juu. Alikuwa hapo tangu nikiwa futi 1,000, video ya helmeti inaonyesha yuko tu, anatembea pole pole kuelekea njia yangu, na mimi kwa 170 ningekuwa nimemwona kwa sababu ningekuwa na wakati wa kuangalia. Kwa 135 ule wakati ulikuwa umeliwa. Nilikuwa nashughulika na kasi, na upepo, na kukumbuka kuvuta kulia kidogo, macho yangu yote yalikuwa mahali nataka kutua na si njia ya kufika huko.

Kama futi 60 hivi nikaona naenda moja kwa moja kwa shingo ya ngamia. Mkono wa kulia ukashuka wenyewe mpaka kiunoni.

Nimeangalia hiyo video mara nyingi kuliko inavyofaa. Ukiisimamisha unaona vizuri, parachuti iko kichwani, halafu picha inayofuata iko pembeni, halafu mimi niko ubavu kwa ardhi na kitambaa cha chungwa kiko mbele yangu kinaangalia mchanga. Niliachilia, nikavuta yote mawili, ikaanza kunyooka. Ilikuwa inanyooka kweli. Ardhi ikafika kwanza.

Ngamia hakuguswa. Naambiwa alisimama akaangalia akaendelea kutafuna. Mguu wangu wa kulia ulivunjika juu ya kifundo, mifupa yote miwili, na cha ajabu nilisikia sauti kabla ya maumivu, kama kijiti cha muwa. Vijana wa ufuoni ndio walifika kwanza, mmoja akaniambia "pole dada, usiangalie chini, angalia bahari," na nikaangalia bahari mpaka gari likaja. Huyo kijana sijawahi kumpata nimshukuru.

Bati moja na skrubu saba. Nisiseme sana ya hospitali isipokuwa kwamba kwa fomu ya kulazwa kuna mahali pa kuandika chanzo cha jeraha, na nesi akaandika "kuanguka" akaniuliza kutoka wapi, nikamwambia juu, akauliza juu ya nini. Na bima? Ha! Kila mkataba wa bima niliowahi kusomea mteja una kipengele cha michezo ya hatari, na kwenye orodha kuna kuruka na parachuti kwa herufi ndogo ndogo. Nimewahi kumsomea mwanaume mzima kipengele hicho akalia mbele yangu. Yangu haikuwa tofauti. Nililipa mwenyewe kwa sako na Mama akaongezea za sare za Januari.

Nikawa nimelala Umoja na mguu kwa mto wiki sita. Hapo ndio Mama akaitoa parachuti kwa begi. Nadhani alikuwa anataka kukasirikia kitu fulani na mimi nilikuwa nimeumia tayari, kwa hivyo akaikasirikia hiyo parachuti. Akatandaza, akafunga mlango majirani wasione, akaanza kuikagua seli moja moja, mshono mmoja mmoja, na kitambaa hakikuwa na tatizo hata moja. Halafu akafika kwa kamba. Akachukua ile tepu yake ya njano ya shingoni, akapigilia msumari kwa mguu wa meza, akavuta kamba ya breki ya kulia akapima. Akavuta ya kushoto akapima. Akarudia.

"Hii ya kushoto imepungua sentimita nne."

Nikamwambia haiwezekani Mama, zinakatwa sawa kiwandani.

"Zilikatwa sawa. Hii imejivuta. Angalia hapa imekuwa ngumu, imepata joto. Uzi ukipita kwa chuma chenye moto kila siku unajikunja. Hata cherehani hufanya hivi, mshono unavuta."

Na alikuwa sawa kabisa mama yangu ambaye hajawahi kupanda ndege. Kamba za Spectra, yaani hizi za uzi wa plastiki, hufanya hivyo hasa. Kuna kitambaa kidogo cha mraba chenye pete nne za chuma, slaida, kinachozuia parachuti isifunguke kwa kishindo, na kila mruko zile pete zinateremka kwa kasi kwenye kamba zikisugua, zikitoa joto, na Spectra haipendi joto, inafupika. Kamba za breki ndizo huathirika zaidi na si lazima ziathirike sawa. Ndio maana ilikuwa inaenda kushoto. Miruko 23 nilikuwa naendesha gari lenye usukani uliopinda na nikadhani ni mkono wangu.

Unaweza kufikiria furaha yangu. Nilikuwa na mshtakiwa! Nikampigia kocha jioni hiyo hiyo, nikamweleza sentimita nne, nikamweleza aliyeniuzia, nikaongea kama dakika kumi bila kupumua. Akanyamaza kidogo, nikasikia minazi nyuma yake.

"Dada, kamba ya kushoto ilikuwa fupi."

"Ndio kocha."

"Ulivuta mkono gani?"

Nikanyamaza mimi sasa.

"Kamba ile ungeiona siku ya kwanza kama ungepima. Hiyo ni kosa moja. Lile lingine halina uhusiano na kamba. Pona kwanza."

Akaniuliza tena kama nilikuwa najua kwa nini alisema 150. Nikamwambia kwa sababu ya uzoefu. Akasema hapana, hata ungekuwa na uzoefu, hiyo namba yako 1.26 haisemi ukweli wote kwa mtu mdogo. Na hapa ndipo nilijifunza kitu ambacho nadhani wanawake wengi na watu wepesi kwa huu mchezo hawaambiwi mapema. Ule mgawanyo unapima mzigo tu. Lakini parachuti ndogo ina kamba fupi, na ukiwa na kamba fupi unazunguka chini ya kitambaa haraka zaidi, kama jiwe kwa uzi mfupi na jiwe kwa uzi mrefu, lile la uzi mfupi linamaliza mzunguko wakati lile lingine bado linafikiria. Kwa hivyo yule jamaa wa kilo 95 kwa 1.3 alikuwa chini ya kitambaa kikubwa chenye kamba ndefu kinachogeuka kwa heshima. Mimi kwa 1.26 nilikuwa na kitu chenye hasira kuliko chake ingawa namba yangu ilikuwa ndogo. Tulikuwa tunalinganisha bei ya nyanya kwa debe na nyanya kwa kilo.

Nilirudi baada ya miezi tisa. Nilirudi na 150, ya kijivu, mbaya kwa macho, nikapima kamba zake zote sebuleni na Mama kabla ya kulipa, aliyeniuzia akasema hajawahi kuona mteja kama huyo. Ile ya chungwa nilituma kwa riga, yaani fundi wa parachuti, Afrika Kusini ibadilishwe kamba zote, ikarudi ikakaa chini ya kitanda.

Na kocha akanifanyisha kazi ya kuchosha. Karibu miruko sitini ya kwanza sikuruka na mtu. Natoka kwa ndege, nafungua hapo hapo, na nina dakika nyingi za parachuti peke yangu juu ya minazi. Natafuta mahali inastoli, yaani inaacha kuelea na kuporomoka, nikivuta breki polepole, na inavyorudi. Naflea kwa raiza za nyuma, ile mikanda inayounganisha kamba na begi, bila kugusa breki, kwa sababu kamba ya breki inaweza kukatika siku moja na utatua na nini. Navuta raiza za mbele zote mbili, nahesabu inachukua sekunde ngapi kunyooka. Na zaidi ya yote kugeuka tambarare, ambayo ndiyo ingeniokoa Agosti ile. Unashuka kwanza kwa nusu breki pande zote mbili, kisha unaachilia kidogo mkono wa upande wa nje, na parachuti inazunguka bila kuinamisha bawa, bila mbizi, inapoteza futi chache sana. Haifurahishi hata kidogo. Hakuna mtalii amewahi kupiga makofi kwa ajili ya kugeuka tambarare. Nilifanya mpaka mikono ikaanza kuvuta breki nikiwa naota, mume wa dada yangu alinikuta nimelala kwa kochi mikono iko kifuani ananiuliza kama naswali.

Siku moja kocha akasema leo piga kona ya digrii 90 kwa nguvu kama ile ya ngamia, lakini futi 3,000, na usome altimita, kile kipimo cha urefu kutoka ardhini, kabla na baada. Nilikuwa kwa ile ya kijivu, 150, ambayo ni mpole. Nikasoma, nikavuta mpaka kiunoni, nikangoja inyooke kabisa, nikasoma tena. Futi 140. Nikarudia kwa sababu nilidhani nimesoma vibaya. Futi 150. Nikakaa huko juu nikiangalia mwamba na maji meupe yanavyopasuka, nikikumbuka kwamba siku ile nilikuwa na 60, na parachuti yenye hasira zaidi. Hakukuwa na njia yoyote. Tangu mkono uliposhuka ilikuwa imekwisha, yale mengine yote ya kuachilia na kuvuta ilikuwa ni mapambo.

Kuna watu hapa Nairobi huniuliza kwa nini tusifungue mahali huku juu tuache kwenda mbali. Mimi nawaambia kwanza mniambie kuhusu hewa. Nairobi tuko kama mita 1,700 na hewa ni nyepesi, ndio siri ya wakimbiaji wetu, na parachuti nayo inahisi. Kitambaa kile kile, mtu yule yule, mchana wa jua hapa kingekuja kwa ardhi kama asilimia 10 haraka zaidi kuliko Diani usawa wa bahari, na altimita haitakuambia, na kifundo changu hakina hamu ya kujua.

Nikafikisha miruko 330 kabla ya kuivuta ile ya chungwa kutoka chini ya kitanda. Kocha hakusema sasa uko tayari wala nini, alisema tu, "Kaskazi imeingia, lete ile ya machungwa Jumamosi." Januari, asubuhi, bamvua, maji yamekupwa mpaka mtu anatembea kuelekea mwambani na viatu mkononi. Niliifunga mwenyewe usiku, nusu saa nikipigana na kile kitambaa, bado ni kambare, kila ukikanyaga upande hewa inatokea upande mwingine. Nikafungua futi 5,000. Nikaflea juu mara sita. Ikaenda moja kwa moja. Haikuvuta kushoto hata nywele, na nilicheka kwa sababu mkono wangu wa kulia bado ulikuwa unalipiza deni ambalo halipo.

Futi 1,000 nikaangalia ufuo wote, kutoka kwa mitumbwi mpaka kwa miavuli. Ngamia wawili, mbali, upande wa kaskazini. Nikasogeza njia yangu ya kutua mita hamsini kuelekea majini kwa sababu tu ya hao wawili ambao hawakuwa na habari yangu. 600. 300. Nikaja, nikaflea, ikateleza, nikatembea. Hakuna aliyepiga makofi, kulikuwa na mama mmoja anauza madafu na alikuwa anahesabu chenji.

Nikampigia Mama. Akauliza kitu kimoja, "Umetua na miguu?" Nikamwambia ndio. Akasema sawa, ana mteja, na nikirudi nipitie Gikomba nimletee zipu za bluu dazeni mbili.

Swupu bado. Najifunza raiza za mbele juu, zote mbili, nanyoosha, naandika futi kwa daftari. Kocha anasema labda mwaka ujao, labda la.

Jumapili kwa treni ya kurudi, tumepita Voi, watu wote wameangalia dirishani wakitafuta ndovu, simu ikalia. Yule yule aliyeniuzia ya chungwa. Picha tatu. 120, nyekundu na nyeupe, kitambaa bado kina sauti, bei ya kutupa, "kwa sababu ni wewe dada". Niliangalia hizo picha kwa muda mrefu, sitasema uongo. Ni nzuri. Kisha nikamwandikia anipimie kamba za breki, kushoto na kulia, kwa sentimita, na anitumie picha ya tepu.

Simu ikaonyesha anaandika. Ikaonyesha anaandika mpaka karibu Mtito Andei, halafu ikaacha.